Pembe za Katikati

Barua ya ukaguzi ilisomwa Jumatatu asubuhi, walimu wakiwa bado wamesimama na vikombe vya chai mikononi. Mwalimu mkuu, Ngatia, aliisoma taratibu kama mtu anayetangaza kifo kanisani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Inspekta atafika Alhamisi," alisema. "Ataingia darasa la nane, hesabu. Barua inasema ati anataka sana kuona wale walimu hawajaenda chuo. Mwenye anafaa, Januari anapelekwa trainingi. Mwenye hafai, mwisho wa muhula anarudi kwake."

Hakuna aliyemtazama Theuri, na jinsi walivyojitahidi kutomtazama, ingekuwa afadhali wamkodolee macho tu.

Kwa miaka kumi na saba Theuri alikuwa amefundisha katika shule hiyo ya kilimani, upande wa Mukurweini, bila cheti cha chuo. Darasa la tatu lilikuwa lake: kusoma Kikuyu, nyimbo, na kupanda kabichi. Hakuna mzazi aliyemlalamikia, na kabichi zake zilifunga vizuri. Kisha mwaka huo, 1985, serikali ikaongeza darasa la nane, vitabu vikachelewa, na mwezi wa tano mwalimu wa hesabu akahamishiwa Nanyuki. Ngatia aliuliza ni nani atachukua hesabu za darasa la nane. Walimu wengine walikataa upesi upesi. Theuri hakuwa na mazoea ya kukataa mambo, akachelewa kidogo, na darasa likawa lake.

Alijitahidi, tusimnyime haki yake. Desimali aliziweza kwa taabu, asilimia akaziburuta zikafika. Mashaka yalikuja kwenye maumbo ya pande nyingi. Kitabu kilikuwa kimoja tu, na ukurasa wenyewe ulikuwa umechanika nusu. Palibaki sentensi moja, kwamba umbo ligawanywe katika pembetatu kisha pembe zijumlishwe. Theuri akaligawanya. Alichora ubaoni umbo la pande sita, akatia nukta katikati, akavuta mstari kutoka kwenye nukta hadi kila kona. Zikatokea pembetatu sita. Kila pembetatu ina digrii mia moja na themanini. Hilo halikuwa na ubishi. Sita mara mia moja na themanini ni elfu moja na themanini. Basi hizo ndizo pembe za umbo la pande sita. Kwa umbo lolote, hesabu pande, zidisha kwa mia moja na themanini, maliza.

Wanafunzi arobaini na mmoja waliandika, naye akasahihisha kwa kalamu nyekundu, tiki juu ya tiki, wiki mbili nzima. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao mwaka mzima walikuwa wakipata mayai, yaani sifuri, walipata kumi kwa kumi. Siku hizo Theuri alikuwa akirudi nyumbani akipiga mluzi.

*

Katika shule ile, kama katika shule nyingine nyingi, somo la inspekta lilikuwa na mazoezi yake, sawa na wimbo wa tamasha. Jumanne Ngatia mwenyewe alikuja akaketi nyuma ya darasa la nane, akakunja miguu na kujifanya inspekta.

"Sheria ni ile ile," aliwaambia watoto. "Mwenye anajua jibu, anainua mkono wa kulia. Mwenye hajui, anainua wa kushoto. Lakini mkono lazima uinuke. Sitaki kuona mtu amekaa kama gunia."

Theuri akauliza pembe za umbo la pande saba. Mikono ikainuka kama mahindi ya mwezi wa sita. Akamchagua mmoja wa mkono wa kulia.

"Elfu moja mia mbili na sitini!"

"Pande kumi?"

"Elfu moja na mia nane!" darasa zima likaitika, ingawa hawakuulizwa wote.

Ngatia, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa historia na nidhamu, alipiga makofi. "Hapo! Hapo hata mzungu atatoa kofia. Theuri, wacha hivyo hivyo. Usiguse kitu."

Katika mikono ile arobaini na mmoja, mmoja uliinuka nusu ukashuka. Ulikuwa mkono wa Murugi, binti yake Theuri, aliyeketi dirishani karibu na rafiki yake Ngendo. Baba yake aliuona. Alidhani mtoto amechoka.

*

Jioni hiyo, kabla ng'ombe hajakamwa, Wachuka, mke wa Theuri, alikuwa jikoni akimenya ndizi za kupika, vidole vimejaa utomvu. Murugi aliingia na daftari lake, akalifungua juu ya meza.

"Baba, naweza kukuuliza kitu ya hesabu?"

"Uliza, Maitu."

Maitu, kwa Kikuyu, ni "mama yangu". Murugi alikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi alipewa jina la mama yake Theuri, basi tangu siku ya kuzaliwa baba yake hakumwita kwa jina lingine. Wala hakuwahi kumchapa. Kazi hiyo aliachiwa Wachuka, na hata Wachuka akimchapa, Theuri alitoka nje akajitia shughuli na kuni. Mtu hamchapi mama yake. Hilo kila mtu kijijini alilielewa, wakamtania, yakaisha.

"Hii meza iko na kona ngapi?" Murugi aliuliza.

"Nne."

"Kila kona ni digirii ngapi?"

"Tisini. Hiyo hata darasa la tano wanajua."

"Tisini mara nne?"

"Mia tatu na sitini."

"Na kwa ile njia yetu ya shule? Pande nne, mara mia moja na themanini?"

Theuri alizidisha kichwani. Mia saba na ishirini. Alisimama, akaiendea kona ya meza, akaishika kwa vidole viwili kama anayepima homa ya ng'ombe.

"Pengine fundi hakunyoosha hii kitu," alisema.

Wachuka aliangua kicheko. "Fundi ni wewe! Umesahau hiyo meza ulitengeneza wewe mwenyewe?"

Theuri hakucheka. "Nani amekufundisha hii maneno?" alimwuliza binti yake, na sauti ilitoka ikiwa kali kuliko alivyotaka.

"Hakuna mtu. Nilipima ile ya pande sita na protrakta ya Ngendo. Kila kona ni mia moja na ishirini. Nikafikiria protrakta imeharibika. Nikapima tena. Ndio nikaangalia meza."

Akachora mraba daftarini, akatia nukta katikati, akavuta mistari minne. Kisha akachukua maharagwe kwenye ungo wa mama yake na kuweka punje moja moja kuzunguka ile nukta.

"Angalia, Baba. Pembetatu ni nne, ni kweli. Mia saba na ishirini, ni kweli pia. Lakini hizi pembe za katikati, zenye nimeweka maharagwe, si za umbo. Umbo iko na kona huko nje tu. Hizi tumezihesabu bure. Na zikizunguka nukta zote ni mia tatu na sitini. Tuzitoe." Akafagia maharagwe kwa kiganja. "Inabaki mia tatu na sitini. Kama meza."

Theuri akavuta kiti. Akajaribu pande sita: elfu moja na themanini, toa mia tatu na sitini, mia saba na ishirini. Gawanya kwa sita: mia moja na ishirini, vilevile kama protrakta ilivyosema. Akajaribu pande tano. Akajaribu pande tatu, umbo la pembetatu yenyewe na nukta ndani yake, na lilipomletea mia moja na themanini alisikia furaha, furaha safi kabisa, ambayo hakuwahi kuipata katika hesabu tangu azaliwe. Ilidumu kama dakika moja. Halafu akakumbuka madaftari arobaini na moja, tiki nyekundu, makofi ya Ngatia, na Alhamisi.

"Si uwaambie tu kesho?" Wachuka alisema, akiwa bado anamenya. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Niwaambie nini? Ati wiki mbili mwalimu amekuwa akiwafundisha uongo?"

"Waambie ulikosea."

"Mwalimu hawezi kusema amekosea siku moja kabla ya inspekta, Wachuka. Watoto wataenda kusema kwao. Itafika kwa kamati kabla ya chai ya saa nne."

"Hata padri huungama."

"Padri hafutwi."

Wachuka alijua kama mumewe alivyojua kwamba mtu wa miaka arobaini na sita, asiye na cheti, akitolewa shuleni hakuna shule nyingine itakayomchukua. Kahawa yao ilikuwa miti mia na kidogo. Ng'ombe alikuwa mmoja, na mzee.

"Mimi sitasema kwa mtu, Baba," Murugi alisema.

Alilisema kwa kumliwaza, lakini lilimchoma Theuri. Alikuwa amefika mahali ambapo mtoto wa darasa la nane ndiye anayemwekea siri.

*

Hata hivyo Jumatano alikwenda kwa mwalimu mkuu. Alimkuta uwanjani akisimamia watoto waliokuwa wakipaka chokaa mawe ya njia. Hakukuwa na masomo siku hiyo. Darasa la nane lilifyeka nyasi na kuteka maji mtoni, ili sakafu zioshwe mara mbili.

"Mwalimu," Theuri alisema, "ile hesabu ya jana iko na makosa kidogo."

"Ya kitabu ama ya kwako?"

"Ya kwangu."

Ngatia alimshika mkono akampeleka kando, nyuma ya tangi la maji. Alimsikiliza, na ingawa hakuelewa habari za nukta na pembe za katikati, alielewa haraka sana sehemu iliyomhusu yeye.

"Sikiza, Theuri. Ukibadilisha leo, kesho nusu watasema ya zamani, nusu watasema ya leo, na wengine watauliza 'Mwalimu, tufuate gani?' Mbele ya inspekta! Utakuwa umekufa, na mimi utakuwa umenizika pia. Iko kitu hapo haina makosa?"

"Pembetatu peke yake. Mia moja na themanini."

"Basi kesho kaa kwa pembetatu. Usitoke hapo. Hiyo ingine utarekebisha Ijumaa, mkiwa peke yenu."

Lilikuwa shauri la mtu mzima, na Theuri alilipokea kwa shukrani iliyomwaibisha. Alikusanya madaftari yote ya hesabu, akayafungia kabatini. Alipotoka alikutana na Murugi akipanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso. Murugi alisimama. Akamtazama.

"Ijumaa," Theuri alimwambia. "Tutarekebisha Ijumaa."

"Sawa, Mwalimu," alisema, kwa kuwa shuleni ndivyo alivyofundishwa kumwita, akaendelea na mzigo wake.

*

Inspekta aliitwa Bwana Muriithi. Hakuwa simba waliyemtarajia. Alikuwa mtu mfupi wa sweta ya kijani kibichi, mpole wa sauti, na alipoingia darasani aliwaomba watoto waketi kabla hawajamaliza kumwamkia. Aliketi nyuma pamoja na Ngatia, akafungua kalamu.

Theuri alifundisha pembetatu. Alimpa kila mtoto kipande cha gazeti, wakakata pembetatu za kila namna, nene na nyembamba, kisha akawaambia wachane kona zote tatu na kuzipanga kando kwa kando. Kona tatu zikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Wakajaribu na nyingine, mstari ukanyooka tena. Darasa likaanza kunong'ona kwa mshangao wa kweli, usiofanyiwa mazoezi, na Bwana Muriithi akainuka kitini akapita kati ya madawati akichungulia. Alikuwa akitabasamu. Jasho la Theuri likaanza kukauka mgongoni. Alitazama saa ya Ngatia kwa mbali. Zilibaki dakika kumi.

"Vizuri," Bwana Muriithi alisema alipofika mbele. "Vizuri sana, Mwalimu. Wacha tuone kama wanaweza kwenda mbele kidogo." Akachukua chaki, akachora umbo la pande tano. "Nani ataniambia jumla ya pembe za hili umbo?"

Mikono ikainuka, ya kulia na ya kushoto, kama walivyofundishwa. Ni mmoja tu ambao haukuinuka. Na inspekta ni inspekta, hata awe mpole vipi: hamchagui anayepunga mkono.

"Wewe msichana wa dirishani. Kuja ubaoni."

Murugi alikuja. Alitia nukta katikati ya umbo, akavuta mistari mitano, taratibu. Akaandika tano mara mia moja na themanini. Akaandika mia tisa. Hapo chaki ikasimama.

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja: toa mia tatu na sitini. Theuri aliuona mstari huo ubaoni kabla haujaandikwa. Aliona pia kitakachoufuata, darasa zima likipaza sauti kwamba Murugi amekosea, kwamba Mwalimu alisema ni mia tisa, kwamba wana tiki za kuonyesha. Murugi naye aliyaona hayo hayo, maana aligeuka akamtazama baba yake. Lilikuwa swali, na jibu lake lilikuwa kazi ya mtu mzima. Theuri aligeuza macho akatazama dirisha. Nje, mawe ya chokaa yalikuwa yakimeta mpaka langoni.

Murugi aliweka chaki chini. Jibu likabaki mia tisa.

"Mwalimu," Bwana Muriithi aliuliza, "ni sawa?"

Angesema ni sawa, angekwisha. Angesema ukweli wote, pengine angekwisha, pengine asingekwisha. Yule mtu alikuwa na uso wa huruma, na miaka mingi baadaye Theuri alikuwa bado akijiuliza juu ya uso ule. Lakini kulikuwa na njia ya tatu, fupi, na mdomo wake uliiona kabla yake.

"Si sawa," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hizi pembe za katikati si za umbo. Umbo lina kona za nje tu. Hizi zinazunguka nukta, na zote pamoja ni mia tatu na sitini. Ni lazima tuzitoe. Zinabaki mia tano na arobaini."

Aliyaeleza vizuri, neno kwa neno, kama alivyoelezwa jikoni. Mikono ilikuwa ikishuka mmoja mmoja. Ngendo peke yake ndiye aliyeuinua wake zaidi.

"Lakini Mwalimu..."

"Shusha mkono," Ngatia alisema kutoka nyuma.

Bwana Muriithi alitazama mkono ule ukishuka, akamtazama Murugi. "Na hii ya kutoa pembe za katikati, mlifundishwa?"

Kabla Theuri hajajibu, Murugi alisema, akiwa ameinamisha kichwa, "Tulifundishwa. Ni mimi sikusikiza."

"Mtihani ni Novemba," Bwana Muriithi alisema kwa masikitiko, akaanza kuandika. "Mtoto kama huyu ataumia."

Pengine yangeishia hapo. Lakini Ngatia alikuwa na sifa ya nidhamu, na aliona kalamu inaandika. Alikuja mbele, akauchukua ufito uliokaa juu ya ubao, akampa Theuri. "Hapa kwetu hatuchezi na watoto hawasikizi," alisema, akimwambia inspekta kuliko mtu mwingine yeyote. Na akimpa ufito hakumtazama usoni, kwa kuwa alijua vizuri yule ni mtoto wa nani. "Nne."

Inspekta hakujua. Alikuwa bado akiandika, hakuinua kichwa.

Theuri alishika ufito. Alingoja mtu aseme lolote, yeyote, hata ng'ombe avuke uwanja. Murugi aliinama mwenyewe, akashika kingo za dawati la mbele. Kiboko cha kwanza kilikuwa chepesi, na darasa lilikisikia ni chepesi, na watoto wawili wakatazamana. Basi vile vitatu vilivyobaki alivitia nguvu. Murugi hakulia. Alirudi dirishani akaketi, akainuka kidogo, akaketi upande mmoja.

*

Katika stafu, chumba cha walimu, kulikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, na chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Bwana Muriithi alimvuta Theuri kando.

"Nitakuandikia, Mwalimu. Januari utaenda chuo, usiwe na wasiwasi. Ile kazi ya kuchana karatasi ilinipendeza. Na hiyo ya kutoa pembe za katikati, nimesikia watu wa vyeti vikubwa wakiieleza vibaya. Ulijifunza wapi?"

"Nyumbani," Theuri alisema.

"Ndiyo hivyo. Mtu akiwa na bidii." Bwana Muriithi alimpa mkono. Walimu wengine nao wakaja kumpa mkono, hata wale ambao Jumatatu walishindwa kumtazama, na Ngatia akamwongezea yai.

Kupitia dirishani aliwasikia watoto wa darasa la nane wakitoka. "Mia Tisa! Mia Tisa!" walikuwa wakiita, wale wale ambao kila mmoja wao angeandika mia tisa kama angeitwa, na Murugi alikuwa akitembea mbele yao na Ngendo, bila kugeuka. Theuri alitaka kutoka awanyamazishe. Lakini angewanyamazisha kwa neno gani? Alilimenya lile yai, akalimaliza.

*

Hakuweza kwenda nyumbani mikono mitupu. Alipitia buchari, akanunua nusu kilo ya nyama ya mbuzi, na Wachuka alipoona karatasi ina mafuta alijua yote kabla hajaambiwa. Alipiga vigelegele pale pale mlangoni, vitano, kama vinavyopigwa akizaliwa mtoto wa kiume, mpaka jirani Wakonyo akauliza kutoka upande wa pili wa ua kuna nini.

"Mwalimu anaenda chuo!" Wachuka alimjibu. "Januari! Inspekta mwenyewe amesema!"

Walikula jua likiwa halijatua. Wachuka alikuwa akicheka peke yake, akipanga Januari: shati la kuendea, sanduku la mbao atakaloazima kwa kaka yake, nani atakama. Hakuuliza habari za pembe. Kwake ufa ulikuwa umezibwa, na ndiyo maana kulikuwa na nyama.

Murugi alikuwa amesimama karibu na mlango, sahani mkononi.

"Kaa chini ule," Wachuka alimwambia. "Hii ni nyama, si dawa."

"Niko sawa hapa, mami."

"Kaa, nimesema."

Murugi aliketi kwenye kigoda, uso ukamkunjamana, akasimama tena. Wachuka akaweka mwiko chini.

"Umefanya nini? Ni nani amekupiga?"

Murugi alimgeukia baba yake, akamtazama, akangoja. Hakuwa na hasira usoni, na Theuri angetoa hiyo nafasi ya chuo kama angeiona hasira hata kidogo. Alikuwa anampa muda tu, kama alivyompa ubaoni. Theuri alijua ni muda, na alijua hautakuwa mrefu. Mdomoni alikuwa na kipande cha nyama. Alikitafuna, akaendelea kukitafuna.

"Nilianguka, mami," Murugi alisema. "Pale kwa ngazi ya stafu."

"Ulianguka! Msichana mkubwa hivi, mtihani ni mwezi ujao, bado unaanguka kama mtoto wa nasari! Uwe ukiangalia mahali unakanyaga." Kisha Wachuka akachota mchuzi wa chini, ule mzito, akamwongezea mumewe kwenye sahani. "Wewe kula, Mwalimu. Leo ni siku yako."